Mota Haikuungua

Kwa wiki kadhaa mashine ya kusaga ya jirani yangu ilikuwa ikiwashwa kwa mikono. Mwenyewe alibonyeza swichi, mota ikaguna pale kwenye msingi wake bila kuzunguka, na mtu wa kwanza kwenye foleni akasogea, akashika mkanda kwa viganja viwili na kuuvuta kwa nguvu kuelekea kifuani. Mota ikishapata mvuto huo mmoja, basi, ilishika kasi yenyewe na kusaga mpaka foleni iishe. Kanuni hiyo haikuandikwa popote, lakini kila mtu aliijua: anayewahi ndiye anayevuta. Watu wakaanza hata kuchelewa makusudi ili wawe wa pili.

Mimi nafundisha fizikia katika shule ya sekondari isiyo mbali na Kitaya, mkoani Mtwara. Nililetwa huku na barua ya uhamisho kutoka nyanda za juu, nikadhani nitakaa miaka miwili niombe kuondoka. Sasa nakula ugali wa muhogo kana kwamba nilizaliwa nao. Makopa yangu, yaani muhogo uliomenywa na kuanikwa mpaka ukauke, nilikuwa nayapeleka kusagwa kila Alhamisi baada ya vipindi. Nakiri kwamba niliona mkanda ukivutwa, nikauvuta na mimi mara mbili, wala sikujiuliza swali hata moja. Fizikia nilikuwa nimeiacha ubaoni.

Aliyeniamsha ni bibi mmoja wa shoto.

Alhamisi hiyo yeye ndiye aliyewahi. Badala ya kusimama upande wa mlangoni kama sisi wote, alizunguka upande wa ukutani ili mkono wake wenye nguvu uwe karibu na mkanda, akavuta. Mota ikaitika vizuri kabisa na kushika kasi. Mwenye mashine akamimina debe la kwanza. Makopa, badala ya kushuka, yakapanda! Yalirushwa nje kupitia mdomo wa mashine, yakagonga bati la paa, yakatunyeshea vichwani. Mama mmoja alijifunika kwa ungo. Wengine tulikimbilia nje.

“Bibi, umeigeuza!”

“Nimeigeuza nini? Nimevuta, imewaka. Mlitaka nivute kwa meno?”

“Inasaga kinyumenyume!”

“Si inasaga lakini?”

Tulicheka mpaka tukaketi chini. Mwenye mashine alizima, akasubiri itulie, akavuta mwenyewe kutoka upande wa kila siku, na kazi ikaendelea. Nikajitwika ndoo yangu ya unga, nikashika njia, bado nacheka. Nikafika kwenye mkorosho wa kwanza. Hapo kicheko kikakatika, nikasimama katikati ya njia kama mtu aliyesahau anakokwenda.

Mota ile ilikuwa inakwenda popote unapoisukuma.

Fikiria baiskeli ambayo pedali yake imesimama wima, juu kabisa, na wewe una mguu mmoja tu wa kukanyagia. Unaweza kukanyaga kwa nguvu zako zote na gurudumu lisisogee, kwa sababu unasukuma moja kwa moja kuelekea katikati. Unajikaza, chuma kinalia, basi. Lakini mtu akikusukuma kidogo mbele, unaenda mbele na unaendelea kukanyaga bila shida. Akikusukuma nyuma, gurudumu linakwenda nyuma. Mguu mzima, mnyororo mzima. Kilichopungua ni ule msukumo wa kwanza wa kukutoa pale uliposimama na kukuonyesha upande wa kwenda.

Mota iliyoungua haifanyi hivyo. Mota iliyoungua inanuka, inatoa moshi, inakata umeme wa nyumba nzima. Hii yetu ilikuwa nzima kabisa! Iliyokufa ni kapasita yake, kile kidude kinachokaa kwenye kinundu mgongoni mwa mota, ambacho kazi yake ni huo msukumo wa kwanza tu. Bila ndoo kichwani ningerudi mbio saa ile ile.

Kesho yake, Ijumaa, nilitoka shule na mkoba wenye mita ya mshale, bisibisi na vitu viwili vitatu kutoka maabara. Niliukuta mlango wa mashine umefungwa nusu. Ndani alikuwepo mwenye mashine, amekaa juu ya gunia, na shemeji yake, kaka wa marehemu mumewe, amesimama na kanzu ya msikitini. Mama wa watu alikuwa ameshika kanga yake iliyochanika kutoka pindo mpaka katikati.

Habari ilikuwa hivi. Baada ya kile kichekesho cha Alhamisi, asubuhi ya Ijumaa hakuna mteja aliyekubali kuvuta mkanda. Kila mmoja aliogopa kuvuta vibaya achekwe. Akavuta mwenyewe, huku mashine imeshamiminiwa makopa. Mkanda ukainasa kanga. Kama mteja mmoja asingeruka kuzima swichi, tungekuwa tunazungumza mengine.

“Mota imeungua, Mwalimu,” shemeji aliniambia, kwa upole kabisa, maana si mtu mbaya. “Inaguna tu. Na sasa inataka kula mtu. Familia tumekaa, tumeona iuzwe. Kesho adhuhuri anakuja mtu wa vyuma chakavu na guta lake la kubebea mizigo. Shaba ya ndani ina bei.”

Mashine ile huyu mama na mumewe waliinunua mwaka ambao korosho ziliwaendea vizuri, umeme ulipofika kijijini, na tangu mumewe afariki ndiyo inayowaweka wanawe shuleni. Na mota ya chakavu haiuzwi ikabaki mota. Inapasuliwa, nyaya za shaba zinang’olewa, ganda linatupwa. Hakuna kuirudisha.

“Shemeji,” nikasema, nikijitahidi nisipige kelele kwa furaha katika nyumba yenye huzuni, “nipe nusu saa. Haikuungua.”

“Nusu saa ya nini?”

“Ya kukuonyesha.”

Nilichomoa waya wa mota kwenye soketi na kumpa mwenye mashine aushike mkononi, ili sote tuwe na uhakika uko wapi. Nikafungua kifuniko cha kile kinundu. Kabla ya kugusa chochote ndani, niligusisha miguu miwili ya kapasita kwa nyaya za balbu ya zamani niliyokuja nayo, nikawaeleza kwa nini: kapasita nzima huweza kubaki na umeme wake hata baada ya waya kuchomolewa, na umeme huo hauulizi kama wewe ni mwalimu. Balbu haikuwaka hata kidogo. Nikaitoa kapasita. Ilikuwa mkebe mweusi wa ukubwa wa kikombe cha chai, juu umevimba, na utomvu kama gundi umetoka pembeni.

“Ona tumbo hilo,” nikasema.

“Kidude hiki ndicho kinaangusha mota ya uzito ule?” shemeji akauliza.

“Hiki hiki.”

“Mwalimu, usinifanye mwanafunzi wako.”

“Hata darasani huanza hivyo hivyo, shemeji. Sogea.”

Nilitoa kapasita nyingine, nzima, niliyoing’oa siku moja kwenye redio mbovu, na betri za tochi, na kitaa kidogo chekundu. Nikaunganisha kapasita na betri kwa muda wa kuhesabu mpaka tano. Nikazitoa betri na kuziweka juu ya gunia, mbali, kila mtu azione. Kisha nikaigusisha kapasita kwenye kitaa. Kikawaka! Kikawaka chekundu mchana kweupe, kisha kikafifia taratibu mpaka kikazimika.

Shemeji aliziangalia betri. Akaniangalia mimi.

“Umeme umetoka wapi?”

“Ulikuwa humu.”

“Rudia.”

Nikarudia. Mara ya tatu alitaka kufanya mwenyewe, na mara ya nne mwenye mashine akasema na yeye hajafa, apewe zamu. Aliushika waya wa mota kwa mkono wa kushoto na kuwasha kitaa kwa wa kulia, na hapo ndipo nilipomwona anatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Nikawaeleza. Ndani ya ule mkebe kuna karatasi mbili za bati laini, ndefu, zimekunjwa pamoja kama mikeka miwili iliyoviringishwa ikiwa na kitambaa katikati. Mikeka haigusani kamwe. Umeme ukija unajaa kwenye mkeka mmoja, na kwa kujaa kwake unaufukuza umeme wa mkeka wa pili, ingawa hakuna hata chembe iliyovuka kitambaa. Ukiipa mikeka njia ya kukutana kwa nje, kupitia taa kwa mfano, umeme unakimbilia upande wa pili, na mbio hizo ndizo zinazowasha taa. Hii yenu kitambaa chake kimeungua na maungio yameachana, haijai tena. Nikaweka mita. Kwenye kapasita ya redio mshale uliruka kwa kishindo ukarudi polepole, kwa sababu ilikuwa inajaa umeme wa mita yenyewe. Kwenye ile iliyovimba mshale haukutikisika.

“Nimekubali imekufa,” shemeji akasema. “Lakini kuweka umeme ni kazi ya betri. Mota ina umeme wa nguzo muda wote. Akiba ya nini?”

Nilifurahi sana. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu hawajawahi kuuliza swali zuri kiasi hicho, nami nilimwambia hivyo, akajifanya hakusikia.

“Haihitaji akiba,” nikajibu. “Inahitaji zamu. Mama, wewe umetwanga. Wawili mkiwa kwenye kinu kimoja mnafanyaje?”

“Tunapokezana,” mwenye mashine akajibu. “Mimi nikishusha, mwenzangu anapandisha.”

“Mkishusha kwa pamoja?”

“Michi inagongana, na mwenzio anakutukana.”

Ndani ya mota kuna koili mbili, nikawaambia, na kila moja ni mtwangaji. Umeme wa nguzo unakwenda na kurudi, mara hamsini kila sekunde, na ungeachwa hivi hivi ungewafanya wote wawili washushe mchi kwa pamoja, na mota isingejua izunguke wapi. Kapasita inamtanguliza mmoja. Kivipi? Chukua mapipa mawili, moja limejaa na lingine tupu, uyaunganishe kwa mpira wa maji chini. Maji yanakwenda kwa kasi zaidi mwanzoni, pipa la pili likiwa bado tupu. Kadiri kina kinavyopanda ndivyo mwendo unavyopungua, na vina vikilingana, maji yanasimama. Kwa hiyo mbio za maji zinatangulia, kina kinafuata. Kapasita ni hivyo hivyo: umeme unaopitia kwake unatangulia. Koili nyingine, isiyo na kapasita, umeme wake ni mzito kuanza, unachelewa. Mmoja ametangulia, mwingine amechelewa. Michi inapokezana. Mota inazunguka, na inazunguka upande ule ule kila siku.

Mwenye mashine aliuangalia ule mkebe uliovimba mkononi mwangu.

“Basi kwa wiki zote hizi,” akasema polepole, “mota inatwanga na mchi mmoja.”

“Ndiyo!”

“Na sisi tukivuta mkanda, sisi ndiyo mchi wa pili.”

“Ndiyo, mama, ndiyo kabisa!” Nadhani nilimshika mabega. Ningeweza kumpa chaki akafundishe badala yangu.

Shemeji alivuta pumzi. “Kesho adhuhuri,” akasema. “Mtu wa chakavu akifika na kapasita haipo, mota inapanda guta. Nimeshampa neno langu.”

Jumamosi alfajiri nilipanda bodaboda kwenda Mtwara mjini, kapasita mbovu nimeifunga kwenye leso kama dawa. Maduka ya vifaa vya umeme yalikuwa ndiyo kwanza yanafungua. Muuzaji wa duka la kwanza aliniangalia, akaangalia leso.

“Fundi wako amekutuma namba gani, dada?”

“Fundi ni mimi.”

“Ah. Karibu, fundi.”

Alinitolea moja yenye maikrofaradi zile zile. Nikaigeuza, nikasoma volti: zilikuwa chini ya zile za kapasita ya zamani.

“Itafanya kazi tu,” akasema.

“Itafanya kazi wiki moja, kisha itavimba kama hii.” Na kwa kuwa siwezi kujizuia, nikamweleza pale pale juu ya meza yake: maikrofaradi ni upana wa pipa, volti ni urefu wa ukuta wake. Ukuta ukiwa mfupi kuliko maji, pipa liwe pana namna gani, yatamwagika. Ukuta ukiwa mrefu zaidi hakuna ubaya, lakini upana usiubadilishe ovyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka, akanielekeza kwa mwenzake mtaa wa pili ambaye, alisema, “ana kuta ndefu.” Na kweli alikuwa nayo: upana ule ule, ukuta sawa na wa zamani. Niliipima kwa mita mbele yake. Mshale ukaruka, ukarudi. Nikamwambia dereva wa bodaboda tuondoke.

Tulikuwa hatujafika nusu ya njia simu ikaita. Alikuwa mwenye mashine, anaongea kwa sauti ya chini.

“Mwalimu, guta limewahi. Shemeji ameanza kufungua nati za mota.”

“Ngapi zimetoka?”

“Mbili. Ya tatu ina kutu, inamsumbua.”

“Mwache na kutu yake! Usimpe hata tone la mafuta!”

Dereva alisikia, akaongeza mwendo bila kuambiwa. Sijui hata leo tulivyoyapita yale makorongo. Niliikumbatia kapasita kwa mikono miwili na kushikilia pikipiki kwa magoti.

Tulipofika, uwanja wa mashine ulikuwa na watu wengi kuliko siku ya kusaga. Mtu wa chakavu alikuwa ameegemea guta lake, mchangamfu, kofia imegeuzwa nyuma. Shemeji alikuwa amepiga magoti na spana, jasho linamtoka, na nati ya tatu ilikuwa bado mahali pake.

“Adhuhuri bado,” nikasema.

“Bado,” akakubali, nadhani kwa nafuu kubwa kuliko alivyotaka ionekane. Akaniachia nafasi.

Waya nje ya soketi. Miguu ya kapasita kwenye nyaya mbili, ile ya huku huku na ile ya kule kule. Nikaikaza, nikarudisha kifuniko. Kwa jaribio fupi, nati mbili zilizobaki zingeishikilia. Nikawaomba wote wakae mbali na mkanda, nikamkabidhi mwenye mashine swichi.

Akabonyeza.

Mota ikaguna.

Ilitikisa mkanda kidogo, ikaguna tu, kama jana na juzi. Nikaruka kuzima. Nilisikia mtu wa chakavu akishusha ubao wa nyuma wa guta.

“Mama, tupakie tu,” akasema, bila dharau. “Umeme hauna huruma.”

Nilikuwa napitia kila kitu kichwani. Nimekosea waya? Kapasita ni mbovu? Si niliipima? Mwenye mashine hakuwa ananiangalia mimi. Alikuwa ameinama, ameweka mkono kwenye kapi la mashine, lile gurudumu linalobeba mkanda, anajaribu kulizungusha. Lilisogea kidogo likakwama.

“Tumbo limejaa,” akasema. Kisha kwa sauti: “Mwalimu, tumbo limejaa! Ijumaa iliponasa kanga ilizimwa na makopa ndani! Hata mota mpya isingeweza!”

Alisema kweli. Kapasita hutoa msukumo wa kuanzia, lakini hata msukumo mzuri hauwezi kuanza na debe zima limeshindiliwa kooni. Mimi nilijua mota; yeye aliijua mashine. Akafungua kifuniko cha chini, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko na kuanza kuchota makopa yaliyosagika nusu, akiyatupa sakafuni, na yule bibi wa shoto akajitokeza kwenye umati akapiga magoti upande wa pili kumsaidia. Kapi likawa jepesi. Mwenye mashine akalizungusha kwa kidole kimoja mara tatu, akafunga, akajifuta unga usoni.

“Sasa,” akasema, akabonyeza.

Haikuguna! Ilinyanyuka kutoka kimya kwenda mlio kwa pumzi moja, mkanda ukawa mstari, na ndani ya mota nikasikia swichi yake ndogo ikisema *tik*, kapasita ikitolewa kazini kwa sababu imeshamaliza sehemu yake. Nilipiga kelele. Watoto walipiga kelele kwa kuwa nimepiga. Bibi alishangilia kwa vigelegele virefu mpaka mtu wa chakavu mwenyewe akaanza kucheka na kurudisha ubao wa guta lake juu.

Mwenye mashine alizima. Akasubiri itulie kabisa. Akawasha tena. Tik. Akazima, akawasha tena, upande ule ule, bila mkono wa mtu, na safari hii hakumwangalia mtu yeyote ila mota.

Watu walikuwa tayari wanakimbilia nyumbani kuleta ndoo zao. Shemeji alisimama pale pale, spana mkono mmoja, mkono mwingine umefumbwa.

“Basi, shemeji yangu,” akasema, “nimekuwa mwongo kwa mtu wa chakavu.”

“Atasamehe,” mwenye mashine akamjibu. Akazima mashine, akanyoosha kiganja kuelekea ile ngumi. “Nati zangu mbili ziko wapi?”

Akafumbua. Zilikuwa pale, zina mafuta.

“Usinipe mimi,” mwenye mashine akasema. “Zirudishe ulikozitoa. Na uzikaze vizuri, foleni imeshaanza.”

Shemeji akapiga magoti, akaanza kukaza.